Dada wenye baiskeli za resi hapa Mombasa, mlipataje inayowakaa? Tupeane uzoefu

Asalaam aleikum wapenzi. Nimeteseka miaka miwili na baiskeli ambayo kila mtu aliisifu, sitaki mwengine apite nilipopita.

Nina kimo cha sentimita 158, na miguu yangu ni mirefu kuliko kiwiliwili. Baiskeli yangu ya kwanza ilikuwa mtumba, fremu ya saizi 54 (hupimwa kwa sentimita). Muuzaji alinipandisha, akaona vidole vya miguu vinagusa chini, akasema, "Hiyo imekukaa, dada." Nikalipa.

Kila Jumapili baada ya alfajiri tulitoka Nyali kwenda Mtwapa. Msimu wa kusi, kwenda ni raha, upepo unakusukuma mgongoni. Shida ni kurudi. Upepo wakupiga uso, unatakiwa uiname ushike usukani chini, na mimi mikono haifiki. Nikawa naendesha nimekalia ncha ya siti. Nikirudi kwenye daraja la Nyali, kidole cha mwisho na cha pete vyote vimekufa ganzi, mikono miwili.

Fundi akanisogezea siti mbele kabisa. Mikono ikafika, magoti yakaanza kuuma, kwa sababu sasa goti lilipita mbele ya pedali. Nimekuja kujua kwamba siti hupangwa kwa kufuata miguu. Kama mikono haifiki, unaoletwa karibu ni usukani, kwa kubadilisha ile shingo yake, kile kipande kinachoushika usukani kwenye fremu. Yangu ilitolewa ya milimita 110 ikawekwa ya 80. Nafuu nilipata, lakini fremu ilikuwa kubwa tu. Leo napanda fremu ya 48, usukani wa upana wa sentimita 38 badala ya 42, na vidole viko hai.

Nyinyi je?

Mama Tudor: Ahsante kwa kulianzisha. Mimi nitasema la siti, maana tunaona haya mpaka tunaumia. Nilivumilia vidonda miezi nikidhani ndiyo baiskeli ilivyo. Siyo! Ile mifupa miwili ya kukalia, wengi wetu imeachana zaidi kuliko ya wanaume. Chukua kadibodi ya boksi, iweke kwenye ngazi, ikalie huku umeinama kidogo, mifupa itaacha mashimo mawili, kisha pima kutoka katikati ya shimo moja hadi la pili. Mimi nilipata sentimita 13. Siti niliyokuwa nayo ilikuwa nyembamba, mifupa yaning'inia nje. Nikatafuta ya milimita 155 na mpaka sasa sijapata kidonda tena.

Likoni Asubuhi: Breki jamani, viganja vyangu ni vidogo. Siku moja kwenye mteremko wa kuingilia feri, mkokoteni mbele yangu, navuta breki kwa ncha za vidole tu. Nilisimama shubiri moja nyuma yake, natetemeka. Mikono mingi ya breki ina skrubu ndogo ya kuisogeza karibu na usukani. Yangu ilikuwa chini ya mpira, kazi ya dakika tano, na hakuna aliyekuwa ameniambia.

Bamburi 176: Mimi natofautiana kidogo. Ni mrefu, nikauziwa "ya kike" kwa kuwa ni mwanamke. Ilikuwa fupi, magoti karibu yagonge usukani. Namheshimu Georgena Terry, mtengenezaji baiskeli wa Marekani, mwaka 1985 alianza kuuza baiskeli zenye gurudumu dogo mbele ili fremu iwe fupi, wakati wanawake wafupi hawakuwa na pa kukimbilia. Lakini kampuni kubwa ya baiskeli, Specialized, wenyewe mwaka 2019 waliacha kutenga fremu za kike na za kiume, baada ya kuona kwenye vipimo kwamba wanaume wawili wanaweza kupishana kimaumbile zaidi kuliko mwanamke na mwanamume. Tupimwe miili yetu, tusiuziwe rangi.

Mgeni Kisauni: Dada zangu, nataka kununua mwezi ujao. Naanzia wapi?

Mwenye mada: Bibie, anzia nyumbani. Simama ukutani bila viatu, bana kitabu kati ya mapaja mpaka juu kabisa, pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Zidisha kwa 0.883, ile kanuni ya Greg LeMond, bingwa wa zamani wa mbio za baiskeli kutoka Marekani. Mimi nilipata 74, nikazidisha ikawa kama 65. Hizo ndizo sentimita kutoka katikati ya ekseli ya chini ya fremu, ile mikono ya pedali inapozungukia, hadi juu ya siti. Ni pa kuanzia tu, utarekebisha ukishaendesha. Ukienda dukani beba tepu ya fundi cherehani, na usilipe kabla hujazunguka na baiskeli hata robo saa, mikono ikiwa chini kwenye usukani. Ukitaka mtu wa kukushikia tepu, niandikie, nitakuja.