Kosta za Mikindani kugeuzia njiani: tunamlaumu konda, ugonjwa uko kwenye hesabu

Wakuu, tumechoka. Hapa Mtwara kosta imeandikwa Mikindani ubavuni, nauli imeshakusanywa yote, ikifika nusu ya njia konda anagonga bodi: "Mwisho wa gari!" Mnashushwa juani na chenji hairudi. Mwanafunzi ndiyo kabisa, anazuiwa mlangoni mpaka watu wazima wajae.

Lakini konda tutamtukana mpaka lini? Dereva anadaiwa hesabu, yaani kiasi cha pesa kilichopangwa, na tajiri mwenye gari kila jioni. Mafuta juu yake, posho ya konda juu yake, pancha juu yake, kinachobaki ndicho anachokula. Mjini hadi Mikindani ni kama kilomita 10. Saa 5 asubuhi siti ziko tupu, kufika mwisho ni kuchoma dizeli ya mfukoni mwake, basi anageuza. Usiku hesabu ikitimia anapaki, na wanaotoka zamu hospitali ya Ligula wanabaki na bodaboda. Mpigeni faini, kesho ataitafuta hiyo faini kwa kukimbiza zaidi.

Manispaa iweke mapato ya ndani hapa, na tafadhali isinunue mabasi. La kwanza likiua giaboksi litasubiri zabuni mpaka nyasi ziote chini yake. Iwalipe wenye kosta kwa kilomita: nauli iende manispaa kwa tiketi, dereva awe na mshahara, kifaa cha kufuatilia gari kihesabu. Safari isiyofika Mikindani isilipwe hata senti.

Pigeni hesabu wenyewe. Kwenda na kurudi kilomita 20, tuseme dakika 70 pamoja na kupakia na kushusha. Mkitaka gari kila dakika 20, kosta 4 zinatosha na dakika 10 za kupumua zinabaki, ya tano iwe akiba. Saa 11 alfajiri hadi saa 3 usiku ni safari 48, kilomita 960. Kwa lita 1 kila kilomita 5, ni lita 192 kwa siku. Kila gari inatembea kilomita 240, kwa hiyo oili ya kilomita 5,000 inamwagwa kila wiki 3. Mkataba utaje pia kuosha chini ya gari kila wiki, maana chumvi ya bahari huku inakula chesisi na paipu za breki kimyakimya.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Muulizeni diwani wenu, kila mtu kwenye kata yake: usafiri wa ndani ya mji umetengewa shilingi ngapi?