DePaul, Loyola au Northwestern: nani anajua kuwavuta mashabiki wa Chicago?

MkaziRogersPark
Wakuu, salaam. Mji huu una timu za kulipwa kama Bulls, Bears, Cubs, White Sox na Blackhawks. Timu ya chuo kikuu, hasa ya mpira wa kikapu, inapenyaje hapo? Kwa vyuo vyetu vitatu naona njia tatu, tuzipime.

DePaul wamefuata katikati ya jiji. Tangu 1980 walikuwa wakicheza Rosemont, kule karibu na uwanja wa ndege wa O'Hare. Mwaka 2017 wakahamia Wintrust Arena, jirani na McCormick Place, viti 10,387. Loyola wamebaki nyumbani: Gentile Arena iko ndani ya kampasi na viti havifiki 5,000. Northwestern wako Evanston, mji jirani upande wa kaskazini, na tangu 2010 wamekuwa wakijitangaza kwa mabango kuwa wao ndio timu ya Chicago katika Big Ten, ligi ya vyuo vikubwa.

Mimi naegemea Loyola. Jumamosi moja ya Februari nilishuka kituo cha treni cha Loyola na wanangu wawili, theluji imetanda, na baada ya dakika chache tulikuwa tumeshakaa. Bendi ya wanafunzi ilikuwa safu mbili mbele yetu. Kitinda mimba wangu aliweka mkono kifuani akaniambia, "Baba, ngoma inapiga humu ndani." Tangu siku ile skafu ya maruni na dhahabu haimtoki shingoni.

Binti_Pangani
Kaka, ukumbi mzuri, lakini tusisahau ushindi. Machi 2018 Loyola waliingia mashindano ya NCAA, yale ya ubingwa wa vyuo vya Marekani, wakiwa wamepangwa wa 11 katika kanda yao. Donte Ingram, kijana wa Chicago aliyesoma sekondari ya Simeon, akatupia la mbali dakika zikiisha, Miami nje. Tennessee wakafa kwa pointi moja, 63 kwa 62. Wakafuata Nevada na Kansas State, wakafika nusu fainali San Antonio. Na Sista Jean, mtawa mlezi wa kiroho wa timu, akiwa na miaka 98, alikuwa kwenye kiti cha magurudumu pembeni ya uwanja, skafu shingoni. Watu ambao hawakuwahi kusikia jina la chuo walimjua yeye. Tangazo la namna ile halinunuliwi.

KakaGoma
Dada, ushindi huleta watu, ila haujui kuwabakiza. Waangalieni DePaul. Mwaka 1979 walifika nne bora chini ya kocha mzee Ray Meyer, na nyota wao Mark Aguirre alikuwa mtoto wa hapa hapa mjini. Walikuwa wakicheza Alumni Hall, Lincoln Park, ukumbi wa watu elfu tano na ushee, katikati ya mtaa wao. Ukaonekana mdogo, wakaenda Rosemont kwenye viti zaidi ya 17,000. Timu ilipokuwa kali, sawa. Ilipopoa, mwanafunzi gani atatoka Lincoln Park usiku wa baridi kwenda kukaa kati ya viti vitupu? Mara ya mwisho timu yao ya wanaume kucheza mashindano ya NCAA ni 2004. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mtu mzima, na hajawahi kuwaona wakicheza mashindano hayo.

Mpanda_Treni
Mkuu KakaGoma, Rosemont nakubali, lakini Wintrust msiionee. Mimi nafanya kazi Loop, katikati ya jiji. Nikitoka saa kumi na moja jioni napanda treni ya Red Line hadi Cermak-Chinatown, natembea kidogo, nimefika. Mwanafunzi naye anapandia Fullerton, treni ile ile, hana haja ya kubadilisha. Jiji lina watu ambao hawakusoma chuo chochote kati ya hivi. Nani anawafuata hao?

KakaGoma
Kufika wanafika. Swali ni kama watarudi wiki ijayo. Baada ya mechi pale utaona watu wanatawanyika tu. Hakuna mtaa unaosema ile ni timu yetu.

Mama_Evanston
Northwestern niachieni mimi, naishi huku. Shida yao ni kwamba Chicago imejaa waliosoma Illinois, Michigan, Iowa na Wisconsin. Timu hizo zikija, jukwaa linageuka rangi za wageni. Mwaka 2010, kwenye futiboli ya Kimarekani, waliwapeleka Illinois Wrigley Field, uwanja wa besiboli wa Cubs. Ukuta ulikuwa karibu mno na mstari upande mmoja, ikabidi timu zote mbili zishambulie goli moja! Watu walijaa, Illinois wakashinda 48 kwa 27. Kilichonifurahisha ni Ryan Field mpya, uwanja wao wa futiboli: wameupangia viti 35,000, ule wa zamani ulizidi 47,000. Hapo wamekubali ukweli wa mashabiki wao.

Binti_Pangani
Hilo la viti nakubali kabisa. Mji niliokaa kabla ya huku, timu ya chuo ilituuzia tiketi za familia, tukawekwa juu kabisa, chini kukiwa kutupu. Tuliomba kushuka, tukakataliwa. Wanangu hawakutaka kurudi tena.

MkaziRogersPark
Mpanda_Treni umenigusa kwa hao wasiosoma chuo chochote. Huku kwetu kuna vijana wengi wa familia za Kikongo, kutwa wako na mpira kwenye viwanja vya mtaani. Ukumbi uko mwendo wa miguu na wengi hawajawahi kuingia. Kesho napiga simu ofisi ya tiketi ya Loyola kuulizia bei ya kundi, tuanze na mechi ya wanawake. Mwenye kijana wa miaka 10 hadi 16 aniandikie PM kabla ya Ijumaa, nijue tuko wangapi.

Mama_Evanston
Nina wawili. Tutashuka na treni ya Purple Line hadi kituo cha Howard, tuonane hapo.