Mjadala: Babu Seya na Papii Kocha walisamehewa, wale watoto waliulizwa na nani?

MLETA MADA (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam. Najua hoja hii itawaudhi baadhi yenu. Naomba tuijadili bila matusi.

Msanii wa Marekani akichomoka kwenye kesi nzito, sisi huku tunawaka. Bill Cosby, mchekeshaji, alipotoka gerezani Juni 30, 2021, baada ya Mahakama ya Juu ya Pennsylvania kufuta hukumu yake ya udhalilishaji wa kingono, Waswahili walilaani kama waliodhulumiwa ni dada zao. Mtu ana pesa, ana jina, sheria imepindishwa kwa ajili yake, ndivyo tulivyosema. Hasira ile naiheshimu. Ila naomba tuipime hapa nyumbani.

Desemba 9, 2017, sherehe za Uhuru, Uwanja wa Jamhuri, Dodoma. Rais Magufuli alitangaza kuwasamehe wanamuziki Nguza Viking, yaani Babu Seya, na mwanawe Johnson Nguza, yaani Papii Kocha. Uwanja ulipiga kelele za furaha. Jioni ile watu walifurika nje ya gereza la Ukonga kuwapokea. Mwezi uliofuata wawili hao walikwenda Ikulu kushukuru, na picha zikasambaa nchi nzima.

Kwa waliokuwa wadogo: walikamatwa Oktoba 2003. Juni 2004 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani, wao na vijana wengine wawili wa Babu Seya, kwa kuwabaka na kuwalawiti watoto 10 wa shule ya msingi. Umri wa watoto hao ulikuwa kati ya miaka 6 na 8. Wote wanne walifungwa maisha, maana sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ndivyo inavyoadhibu ubakaji wa mtoto aliye chini ya miaka 10. Mahakama Kuu ilitupa rufaa Januari 2005. Februari 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia wale vijana wawili, ikaiacha hukumu ya baba na Papii Kocha mahali pake. Waliomba mapitio, nayo yakagonga mwamba mwaka 2013.

Mtoto aliyekuwa na miaka 6 wakati ule, siku ya msamaha alikuwa na miaka kama 20. Yuko mahali fulani katika nchi hii. Siku hiyo alifungua redio au simu yake akasikia taifa likishangilia. Sikumbuki kusikia kiongozi yeyote akimtaja, hata kwa sentensi moja.

Sijasema Rais alivunja sheria. Ibara ya 45 ya Katiba inampa uwezo wa kumsamehe mtu yeyote aliyetiwa hatiani, kwa masharti au bila masharti. Ninachouliza ni hiki: uwezo huo utumike kwa kesi za ubakaji wa watoto bila waathirika kujulishwa na kusikilizwa? Mimi nasema hapana, awe msanii au asiwe. Na nasema zaidi: kama si muziki, milango ya Ukonga isingefunguka siku ile. Angalieni matangazo ya msamaha tunayoyasikia kila sikukuu ya kitaifa. Wizara ikitoa orodha ya wasiohusika, mara nyingi utakuta humo waliofungwa kwa kubaka, kulawiti na kuwapa mimba wanafunzi. Mkulima wa Kilosa aliyefungwa maisha kwa kosa lilelile, nani anaimba jina lake kwenye kampeni? Mwaka 2015 Edward Lowassa, akigombea urais kwa tiketi ya upinzani, aliahidi hadharani kumtoa Babu Seya. Ilikuwa ahadi ya kuombea kura, na ilishangiliwa.

Karibuni.

MCHANGIAJI (wakili, Arusha)

Mleta mada, umeandika vizuri lakini kuna kipande kikubwa umekiruka.

Machi 23, 2018, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapahapa Arusha, ilitoa hukumu katika shauri la watu hawa dhidi ya Tanzania. Ilikuta kwamba haki yao ya kujitetea ilivunjwa: hawakupewa nakala za maelezo ya mashahidi, na mashahidi muhimu hawakuitwa. Kwa mtu aliyewahi kusimama mahakamani, hayo si mambo madogo. Unamhojije shahidi ambaye hujui alisema nini polisi?

Halafu wale vijana wawili walioachiwa 2010. Walikaa ndani zaidi ya miaka sita, kisha mahakama ya juu kabisa nchini ikasema hatia yao haikuthibitishwa. Nao walikuwa wametajwa katika kesi ileile, mbele ya hakimu yuleyule. Ukiona kesi imeteleza kwa wawili kati ya wanne, una haki ya kuogopa kwamba imeteleza kwa wote. Msamaha ni mlango wa mwisho kwa mtu aliyemaliza mahakama zote za nchi yake. Ukiufunga kwa kundi la makosa fulani, siku moja atafungiwa nje mtu asiye na hatia.

Na kuhusu umaarufu: siku ileile Rais aliwasamehe wafungwa 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa. Hakuna hata mmoja wao ambaye wewe au mimi tunamjua kwa jina. Kwa hiyo si muziki tu.

MCHANGIAJI (Sinza)

Wale walibambikiwa. Mtaani kila mtu anajua, na hata mtoto mdogo atakuambia ni kazi ya mkubwa fulani. Mzee mpiga gitaa wa bendi ya Maquis, mtu wa watu, leo mnataka arudi ndani? Acheni wapumzike.

MCHANGIAJI (mwalimu wa shule ya msingi, Mbagala)

Nafundisha darasa la kwanza na la pili. Naomba niwaambie wenzangu jinsi mtoto wa umri huo anavyoeleza jambo baya. Haelezi kwa mpangilio. Anasema kipande leo, kingine wiki ijayo, hana tarehe, na ukimkazia sauti ananyamaza kabisa. Mtoto wa namna hiyo alipelekwa mahakamani, akaulizwa maswali na watu wazima waliovaa suti, na anaowatuhumu wamekaa mbele yake. Kisha miaka 13 baadaye anaambiwa na mtaa mzima kwamba alifundishwa kusema uongo. Ndugu wa Sinza, hao nao ni watoto wa Sinza.

Jambo jingine ambalo bado linaniuma. Mwaka huohuo wa 2017, mwezi Juni, Rais huyohuyo akiwa Chalinze alisema msichana akipata mimba shuleni harudi darasani. Niliona wanafunzi wangu wa zamani wakibaki nyumbani kwa sababu hiyo, na wengine mimba hizo walipewa na watu wazima. Katazo likaja kuondolewa Novemba 2021. Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja, binti wa miaka 15 hakusamehewa kupewa mimba, na waliotiwa hatiani kwa kubaka watoto wakasamehewa. Sihitaji kuwa mwanasheria kuliona hilo.

MCHANGIAJI (Mombasa)

Ndugu zangu wa Bara, nawafuatilia kutoka huku pwani ya Kenya. Niongeze mfano wa R. Kelly, mwimbaji wa Marekani, kwa sababu unatugusa sote.

Alishtakiwa Chicago Juni 2002 kwa mkanda wa video unaomwonyesha na msichana mdogo. Kesi ilivutwa miaka sita. Msichana aliyedaiwa kuwa kwenye mkanda hakutoa ushahidi, na Juni 2008 baraza la wazee wa mahakama likamwachia kwa mashtaka yote 14. Miaka miwili baadaye tulifanya nini Afrika? Aliimba kwenye ufunguzi wa Kombe la Dunia, Johannesburg. Mwaka uo huo wa 2010 alirekodi wimbo na wasanii wetu wanane katika mradi wa One8, akiwemo Ali Kiba wa Tanzania na Amani wa Kenya. Siwalaumu wasanii hao hata kidogo. Mbele ya sheria mtu yule alikuwa huru, na kwa kijana wa Dar au Nairobi ile ilikuwa nafasi ya maisha. Nalaumu waliokuwa na pesa ya kumpa jukwaa na hawakuona haja ya kuuliza chochote.

Mwaka 2022, mbele ya mahakama ya shirikisho Chicago, yule msichana wa mkanda, sasa mwanamke mzima, alisimama akasema: ndiyo, ni mimi, nilikuwa na miaka 14. Kelly akatiwa hatiani. Kabla ya hapo New York ilikuwa imeshamhukumu miaka 30.

Wakili, naomba ulipime hili. Kesi ya 2008 ilianguka kwa sababu shahidi alikaa kimya. Huko kwenu watoto hawakukaa kimya. Walisema, mahakama ikawaamini, na bado mtaa ukawakataa. Sasa nani mwingine atathubutu kusema?

MCHANGIAJI (wakili, Arusha)

Swali zuri, nalikubali uzito wake. Lakini mahakama kumwamini shahidi hakuoshi kasoro za utaratibu. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa pamoja: mtoto kaumizwa kweli, na mshtakiwa hakupewa nafasi ya haki kujitetea. Mkisahau la pili, mtakuwa mnaomba mahakama za kulipiza kisasi. Hata huyo Cosby aliachiwa kwa sababu mwendesha mashtaka wa zamani alitangaza kwamba hatashtakiwa, naye kwa kutegemea neno hilo akajibu maswali chini ya kiapo kwenye kesi ya madai, kisha majibu yake yakageuzwa ushahidi wa jinai dhidi yake. Inachefua. Lakini serikali ikiruhusiwa kuvunja neno lake kwa Cosby, italivunja kwa mtu asiye na wakili.

MLETA MADA (Dar es Salaam)

Nimewasoma wote. Naanza na ndugu wa Sinza, kwa sababu yeye ndiye aliyesema kile ambacho wengi wanakiamini.

Ndugu, kama unaamini walibambikiwa, msamaha ulipaswa kukukasirisha kuliko mimi. Msamaha haumsafishi mtu. Unamtoa gerezani, na hukumu inabaki kwenye kumbukumbu za mahakama kama ilivyoandikwa. Mbele ya sheria Babu Seya na Papii Kocha ni watu waliotiwa hatiani kwa kubaka watoto, kisha wakasamehewa. Asiye na hatia anahitaji kesi yake ifunguliwe upya, kasoro alizozitaja wakili zichunguzwe hadharani, aondoke na hukumu inayosema hakutenda. Hilo hawakulipata. Na wale watoto hawakupata upande wao pia: hakuna aliyewaambia kama taifa bado linaamini ushahidi wao au limeutupa. Shangwe ziliziba pande zote mbili. Tuliopiga vigelegele tulimpenda mwanamuziki, lakini hatukuitafuta haki yake.

Ndiyo maana nakataa kuambiwa kwamba kuwatetea watoto ni kutaka wazee wale waozee ndani. Hukumu ya Arusha naikubali neno kwa neno. Ila ilikuja miezi mitatu baada ya msamaha, na haikusema kwamba watu hawa hawakutenda. Ilisema kesi iliendeshwa vibaya. Kesi ikiendeshwa vibaya, wa kwanza kudhulumiwa ni mshtakiwa, na wa pili ni mtoto ambaye ushahidi wake umeachwa ukining'inia.

Kuhusu wale 61, wakili, hapo umenibana kidogo na naona hoja yako. Lakini tofautisha. Wale majina yao yalipitia magereza na wizara. Hawa wawili walikuwa na miaka ya magazeti, ahadi za wagombea na mashabiki nyuma yao. Huwezi kuniambia vitu hivyo havikuwa na uzito kwenye mizani.

Sasa nije kwenye kinachowezekana, maana kulaumu peke yake hakutoshi. Afrika Kusini wana kesi ya Oscar Pistorius, mwanariadha aliyempiga risasi na kumuua mpenzi wake Reeva Steenkamp Februari 2013. Jaji wa kwanza alimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akapewa miaka mitano, na watu walilia hovyo. Upande wa mashtaka ulikata rufaa. Mwaka 2015 kosa likabadilishwa kuwa mauaji ya kukusudia, na mwaka 2017 adhabu ikapanda hadi miaka 13 na miezi mitano. Lakini kinachonivutia zaidi kilitokea mwishoni. Kabla ya kuachiwa mapema kwa masharti (parole) Januari 2024, mfungwa yule alikutanishwa ana kwa ana na baba wa Reeva, mwaka 2022. Mama wa Reeva naye alipeleka maelezo yake kwa bodi ya parole, yakasomwa. Alitoka akiwa na masharti hadi Desemba 2029, likiwemo la kupata tiba ya hasira. Unaweza kusema aliachiwa mapema mno, na wengi wamesema. Ila hakuna anayeweza kusema familia ya aliyeuawa ilijulia redioni.

Hicho ndicho ninachokitaka kiandikwe kwenye sheria yetu. Kabla Rais hajasaini msamaha kwa aliyetiwa hatiani kwa kumbaka au kumlawiti mtoto, ofisi ya ustawi wa jamii imtafute mwathirika, imwambie kwa siri na kwa heshima, ichukue maneno yake kama anataka kusema, na maneno hayo yawekwe mezani kwa Rais pamoja na jalada la magereza. Rais abaki na uwezo wake wa kuamua. Mlango wa mwisho unaousema ubaki wazi. Mfungwa asitangazwe uwanjani kabla mwathirika hajajua. Na akitoka, atoke na masharti ya kutosogelea shule.

Mwalimu wa Mbagala, asante kwa ulichokiandika kuhusu jinsi mtoto anavyoeleza. Nimekisoma mara mbili.

Wakili, wewe ndiye ninayetaka jibu lako: kifungu kama hicho ungekipinga kwa hoja gani?