Mtoto wa miaka saba kama shahidi: kumbukumbu yake itegemewe kwa kiasi gani?

Mwalimu wa Darasa la Pili (Tororo)

Wanajukwaa wenzangu, naomba ushauri wenu kwa jambo linaloninyima usingizi. Nafundisha darasa la pili katika shule ya msingi nje kidogo ya mji wa Tororo, Uganda. Jumatatu ya wiki iliyopita duka moja jirani na shule lilivunjwa wakati giza likiingia, na mwanafunzi wangu wa miaka saba, aliyekuwa ametumwa kisimani, alimwona mtu akitoka kwa mlango wa nyuma. Kesho yake asubuhi alinisimulia kabla sijamuuliza lolote: mtu yule alibeba gunia, alivaa kofia, akakimbilia upande wa reli, na yeye alishtuka hata maji ya jerikani yakamwagika. Uso hakuuona.

Tangu siku hiyo amehojiwa na mama yake, mwenye duka, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na askari wawili kwa nyakati tofauti. Jumamosi alinisimulia tena, na sasa mtu yule ana jina: ni fundi wa baiskeli wa pale njia panda, kijana ambaye kijiji kizima kilikuwa kimeshamtaja kabla mtoto hajafungua kinywa. Pameongezeka jaketi jekundu na kovu la shavuni, na kovu hilo fundi analo kweli. Namfahamu mtoto huyu, si mwongo. Ananitazama machoni na kunionyesha kwa kidole mahali kovu lilipo. Kijana yuko mahabusu. Polisi wanataka niandikishe maelezo kwamba mtoto ni mkweli na ni mwerevu darasani. Yote mawili ni kweli. Je, nitie sahihi?

Karani Mstaafu (Mbale)

Mwalimu, nimekaa mahakamani miaka mingi nikiandika, basi nitajibu upande wa sheria tu. Mtoto wa umri mdogo, ambaye tangu hukumu ya mahakama ya rufani katika kesi ya Kibageny ya mwaka 1959 huchukuliwa kwa kawaida kuwa wa chini ya miaka 14, huulizwa kwanza na jaji au hakimu ili ijulikane kama anaelewa maana ya kiapo. Asipoielewa, lakini akawa na akili ya kutosha na akajua wajibu wa kusema kweli, atatoa ushahidi bila kuapishwa. Hapo sheria ya Uganda inaweka ukuta: mshtakiwa hawezi kutiwa hatiani kwa ushahidi huo peke yake, mpaka upatikane ushahidi mwingine wa kuuunga mkono unaomgusa yeye mshtakiwa. Wenzetu wa Kenya wamelegeza sharti hilo kwa mtoto aliyetendewa kosa la kingono, mradi mahakama iandike sababu za kumwamini.

Halafu kuna suala la kumtambua mtu, ambalo halina umri. Katika kesi ya Abdala Nabulere dhidi ya Uganda, iliyoripotiwa mwaka 1979, mahakama ya rufani ilieleza mambo ya kupima: shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga gani, na je, alikuwa akimfahamu kabla. Ilisema pia kwamba shahidi mkweli kabisa anaweza kukosea. Umeombwa uthibitishe ukweli wa mtoto, na hakuna mtu anayeubishia. Je, kuna aliyekuuliza habari za mwanga?

Mhadhiri wa Saikolojia (Kampala)

Nianzie alipoishia Mzee Karani. Watu wengi hufikiri kumbukumbu ya mtoto ni dhaifu, kana kwamba ni chungu chenye ufa. Utafiti hausemi hivyo. Mtoto wa miaka saba akiachwa asimulie mwenyewe, kwa maneno yake, atataja mambo machache kuliko mtu mzima, lakini hayo machache kwa kawaida huwa sahihi. Uharibifu huanza pale mtu mzima anapoingiza swali lenye jibu ndani yake.

Jambo hili lina zaidi ya miaka mia moja likijulikana. Mwaka 1911 Mbelgiji Julien Varendonck, alipokuwa akichunguza ushahidi wa watoto katika kesi ya mauaji, aliwauliza watoto 18 wa miaka saba ndevu za mwalimu fulani zilikuwa na rangi gani. Watoto 16 walitaja rangi, wawili wakasema hawajui. Mwalimu yule hakuwa na ndevu.

Utafiti unaofanana zaidi na kisa chako ni wa Michelle Leichtman na Stephen Ceci wa mwaka 1995. Mgeni aliyeitwa Sam Stone aliingia katika darasa la chekechea, akakaa dakika mbili hivi, hakugusa kitu, akaondoka. Kundi moja la watoto lilikuwa limesimuliwa kabla kwamba mtu huyo ni mzembe wa kuvunjavunja vitu, na baada ya ziara likaulizwa mara nne, kwa muda wa wiki kumi, maswali yaliyodokeza kwamba alichana kitabu na kuchafua mdoli wa dubu. Mwishowe asilimia 72 ya watoto wa miaka mitatu na minne wa kundi hilo walipoulizwa walikubali kwamba alifanya angalau moja kati ya hayo. Walipobishiwa kwa upole, asilimia 21 bado walishikilia. Wataalamu walioonyeshwa video za mahojiano walishindwa kubaini nani anasimulia kweli.

Sasa pima, Mwalimu: sifa mbaya iliyotangulia, halafu maswali ya kurudiarudia. Vyote viwili unavyo hapo Tororo. Mwanafunzi wako ni mkubwa kuliko wale, kwa hiyo si rahisi kumyumbisha kama wale, ila hana kinga. Kovu lile ameliona kweli, huenda mara mia, mchana kweupe, akipita njia panda kwenda shule. Akili hushika kitu na kupoteza mahali kilipotoka. Ndiyo maana kukutazama machoni hakuthibitishi kitu, hadanganyi, anakumbuka.

Mama Mapacha (Arua)

Samahani, Mhadhiri, nina neno. Nafanya kazi na watoto waliodhulumiwa kingono, na mazungumzo kama haya nimeyasikia yakigeuzwa silaha na mawakili wa washtakiwa: “watoto hutunga.” Kuna upande wa pili ambao hukuutaja. Mwaka 1991 Karen Saywitz na wenzake waliwachunguza wasichana 72 wa miaka mitano na saba waliofanyiwa ukaguzi wa kawaida wa kiafya. Wengi wa wale walioguswa sehemu za siri hawakulitaja jambo hilo walipoambiwa wasimulie wenyewe. Walilisema walipoulizwa moja kwa moja. Waliodai kuguswa ilhali hawakuguswa walikuwa wachache mno. Kwa hiyo tukisema mtoto asiulizwe kitu chochote, tutawaacha wengi wakae kimya na maumivu yao.

Nakubali kuna njia ya kuuliza. Mimi huanza na “niambie yaliyotokea,” halafu “ikawaje?”, na mtoto akishamaliza ndipo naulizia kitu ambacho yeye mwenyewe amekitaja. Swali likirudiwa neno kwa neno, mtoto hudhani jibu lake la kwanza limekataliwa, naye hutafuta lingine la kumridhisha mkubwa. Hata hivyo, kutaja mgeni aliyeonekana gizani mara moja si sawa na kusimulia yaliyofanywa mwilini mwako na mtu wa nyumbani. Tusivichanganye.

Mkalimani (Busia)

Mama Mapacha amesema kweli. Mimi naongeza moja ambalo watafiti wa Ulaya na Marekani hawana sababu ya kulijua. Askari humuuliza mtoto kwa Kiswahili, mtoto hujibu kwa lugha ya mama, na maelezo huandikwa kwa Kiingereza. Mtoto husema “alikimbia,” neno lisiloonyesha mwanamume wala mwanamke, lakini Kiingereza humlazimisha mwandishi achague, naye huchagua yule aliyemo kichwani mwake. Mtoto Mganda akisema “taata” (baba) huenda anamkusudia baba yake mdogo. Niliwahi kusomewa maelezo ya mtoto aliyesema “saa moja,” yakiwa yameandikwa saa moja ya Kiingereza, yaani saa saba yetu. Mshtakiwa alikuwa na mashahidi wa saa saba, akaachiwa, na hadi leo sijui kama alistahili. Mwalimu, uliza hayo maelezo ya mtoto yaliandikwa kwa lugha gani, na kama alisomewa tena kwa lugha anayoielewa.

Mwalimu wa Darasa la Pili (Tororo)

Nawashukuru nyote. Jana, saa ileile, nilikwenda kwenye njia ya kisima na mwalimu mwenzangu. Alisimama kwenye mlango wa nyuma wa duka, nami nikasimama pale mtoto alipomwaga maji. Ni hatua 58. Kofia niliiona. Uso wa mtu ninayekaa naye ofisini miaka sita sikuutambua.

Kisha nikakumbuka kwamba Jumanne ile tulikuwa na kipindi cha Habari, ambapo kila mtoto husimulia na kuchora jambo lililompata. Nilitoa daftari lake kabatini. Amejichora mwenyewe kando ya jerikani iliyoanguka, na amejipa macho, mdomo na hata meno. Mtu wa gunia ana kofia kubwa, na chini ya kofia ni duara tupu. Chini ya picha kuna tarehe kwa mwandiko wangu.

Mzee Karani, najua mchoro si kiapo. Hata hivyo leo nimeandikisha maelezo marefu kuliko waliyoyataka: kwamba mtoto ni mkweli, ni mwerevu, na maneno aliyoniambia Jumanne kabla hajahojiwa na polisi ni haya. Nimeomba nisomewe kabla ya kutia sahihi, nikasomewa, na daftari nimelipeleka na nakala nimebaki nayo.