Kurusha kioo cha simu kwenye laptopu bila waya, ukumbi hauna rauta

Mwl_Rungwe: Wakuu, habari za kazi. Nafundisha kikundi cha wakulima wa parachichi hapa Tukuyu kujaza fomu kwenye simu, nataka kioo kionekane kwenye laptopu yenye projekta. Simu ni Tecno ya Android 12, laptopu Windows 10. Nikitumia "Wireless Display" picha inakuja, inakwamakwama, halafu inakata. Bando nalo ni la kubana.

Fundi_Mwanjelwa: Mkuu, kwanza fungua cmd (dirisha la kuandikia amri kwenye Windows) uandike `netsh wlan show drivers`. Tafuta mstari wa "Wireless Display Supported". Mbele yake kuna majibu mawili, la grafiki na la Wi-Fi. Lolote likiwa No, njia hiyo achana nayo. Yote yakiwa Yes, zima VPN ujaribu tena.

Mimi ningeenda moja kwa moja kwenye scrcpy, programu ya laptopu inayoonyesha kioo cha simu. Ni ya bure, haina matangazo, na kwenye simu hakuna apu ya kusakinisha. Kwenye mipangilio ya simu gusa "Build number" mara 7, kisha washa "USB debugging". Chomeka waya mara hii moja tu, kubali ujumbe utakaotokea kwenye simu, halafu ndani ya folda ya scrcpy andika `adb tcpip 5555`, amri inayoifungulia simu njia ya bila waya. Chomoa waya. Washa hotspoti ya simu, unganisha laptopu, andika `ipconfig`. Namba ya "Default Gateway" ndiyo anwani ya simu yako. Maliza na amri hii, anwani hiyo ukaiweka penye NAMBA:

`scrcpy --tcpip=NAMBA:5555 -m 1024 -b 2M --max-fps=15 -t`

Hiyo `-t` usiiache: kila unapogusa, kidoto kinatokea ukutani, hata aliyekaa nyuma anaona kidole kimebonyeza wapi.

Kihesa_Iringa: Naongezea la bando. Picha inatoka kwenye simu kwenda laptopu moja kwa moja, haili hata MB moja. Anayekula ni Windows, akishaona hotspoti anaanza kushusha masasisho. Ingia kwenye sifa za mtandao huo, washa "Set as metered connection". Zima data kabisa kama fomu inajazwa nje ya mtandao.

Washa na "Usisumbue", meseji za salio zisitokee mbele ya watu.

Mwl_Rungwe: Asanteni sana wakuu, imekubali na haikwami. Ila leo nimezima simu na kuiwasha, inasema "connection refused". Na apu ya benki inaonyesha weusi mtupu.

Fundi_Mwanjelwa: Simu ikizimwa, ile njia ya 5555 inafutika. Rudia waya na `adb tcpip 5555`, kwa hiyo tembea na waya kwenye mkoba. Namba ya gateway nayo iangalie upya, huwa inabadilika. Weusi wa benki ni ulinzi wa apu yenyewe, si hitilafu. Kwa somo hilo tumia picha zilizochapishwa. Ukimaliza kufundisha zima "USB debugging".