Naombeni ushauri: watoto darasa la pili hawajui kusoma, shule na wazazi tuanzie wapi? (Rungwe)

Mjumbe_Rungwe
Habari zenu wakuu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule, kijijini huku Rungwe. Juzi tuliingia darasa la pili kusikiliza watoto wakisoma. Mmoja alisoma ukurasa mzima bila kukwama, tukampigia makofi. Mwalimu akafunika picha kwa kiganja, akamwonyesha neno moja katikati ya mstari: kikapu. Mtoto akaanza ukurasa upya kutoka juu, kwa kichwa, mpaka akalifikia. Neno lenyewe halijui. Na wenzake wengi wako hivyohivyo.

Mwalimu simlaumu. Darasa limefurika, hawezi kumsikiliza kila mtoto kila siku. Mtaala wa madarasa haya tangu 2015 umeegemea KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu), kwa hiyo kufundishwa wanafundishwa. Shida naiona nyumbani: kitabu hakuna, wa kumuuliza hakuna, na wengi wanalelewa na bibi wasiojua kusoma. Tukiita kikao cha wazazi, watu wanahisi ni michango, hawaji. Roho inaniuma kwa kweli. Tufanyeje?

Mwl_Kilolo
Kamwene ndugu mjumbe. Nafundisha darasa la kwanza huku Iringa. Huyo mtoto ameshika hadithi, silabi bado. Msimsukume mbele, mrudisheni kwenye sauti za herufi, kisha silabi.

Kateni maboksi vipande, andikeni ki, ka, ka, pu. Apange mwenyewe: kikapu, kapu, kaka. Mwongezeeni pa, apate paka. Hapo hana cha kukariri, lazima atazame. Kazi hii hata mwanafunzi wa darasa la sita anaiweza kwa wadogo zake asubuhi kabla ya vipindi kuanza.

Bibi asiyejua kusoma naye ana kazi kubwa. Mtoto aende na kitabu nyumbani amsomee, bibi amuulize: nani alifanya nini, ikawaje? Akijibu vizuri, ameelewa. Tena bibi asimulie hadithi zake kwa Kinyakyusa, mtoto aje aisimulie darasani kwa Kiswahili, mwalimu aiandike kwenye manila. Watoto husoma kwa hamu hadithi ambayo mwenyewe wake wanamjua.

Mzee wa Uyole
Niliwahi kuwa mtendaji wa kijiji. Acheni kuita kikao kingine. Mkutano mkuu wa kijiji upo kila miezi mitatu, ombeni ajenda ya kusoma, na watoto wawili watatu wasome mbele ya watu. Ombeni pia dakika chache kanisani baada ya ibada. Na siku hiyo neno mchango lisitajwe kabisa. Tangu elimu bila ada ianze 2016, mzazi akilisikia masikio yanaziba.

Nyota_Mafinga
Mimi naogopa hilo la vitabu kwenda nyumbani. Vitapotea, na shule vyenyewe havitoshi.

Mwl_Kilolo
Vikikaa kabatini vinafaa nini? Huku Iringa tulikuwa na mradi wa Tusome Pamoja, ulioanza 2016, ukafika pia Ruvuma, Mtwara, Morogoro na Zanzibar. Ulitilia mkazo ushirikiano wa wazazi na walimu. Mradi wowote una mwisho wake, kwa hiyo kabidhini kazi kwa watu wa hapohapo: mzazi mmoja kila kitongoji, mwenye daftari la kuazimisha. Ijumaa kitabu kinatoka, Jumatatu kinarudi, mtoto anamsomea yeye mistari miwili ndipo anachukua kingine. Anzeni na vichache.

Mjumbe_Rungwe
Ndaga fijo, mwalimu. Nawe mzee wangu, asante. Vipande vya silabi tunaanza wiki hii, mafundi cherehani wawili nitawaomba washone mikoba ya salfeti, maana mvua ya huku mnaijua. Swali moja tu: kitabu kikirudi kimelowa au kimechanika, mzazi alipe?

Mwl_Kilolo
Asilipe. Mkimtoza mmoja tu, kijiji kizima hakitaazima tena. Gundi na uzi viwepo shuleni, mtoto akae na mwalimu wakishone pamoja.