Mdogo wangu yuko Leipzig mwezi wa nne sasa, amenyong'onyea: ni ukiwa wa kawaida au ni ugonjwa?

DadaMkubwa_Moro
Wakuu, habari za leo. Mdogo wangu wa kike, miaka 23, alikwenda Leipzig, Ujerumani, mwezi wa tisa kuanza mafunzo ya uuguzi ya miaka mitatu, yale wanayoita Ausbildung. Mwanzoni alikuwa na furaha, picha kila siku. Tangu mwezi wa kumi na moja amebadilika. Siku ya mapumziko analala mpaka saa sita mchana, anakula mikate na vitu vitamu tu, na simu hapokei. Akipokea anasema "nimechoka", basi. Darasani na wodini hakosi. Hapa nyumbani wengine wanasema avumilie, wengine wanasema arudi. Naomba wanaoyajua maisha ya kule mnisaidie: hali hii itapita yenyewe au aende kwa daktari? Na sisi tulio huku tufanye nini?

Nesi_Sachsen
Pole sana dada. Kabla ya kujadili kuvumilia au kurudi, anzeni na mwanga. Katikati ya Desemba, Leipzig jua huchomoza kama saa mbili na robo asubuhi na kuzama saa kumi jioni. Mtu aliyezoea saa kumi na mbili za mchana mwaka mzima anapata chini ya nane, tena za mawingu. Dalili ulizozitaja, yaani usingizi mwingi, hamu ya wanga na sukari, na kujitenga, zikianza Novemba, ndizo hasa za sonona ya majira ya baridi, ambayo Norman Rosenthal na wenzake waliieleza mwaka 1984. Hiyo haimaanishi kwamba anayo, ila hilo ndilo la kuchunguza kwanza.

Zamu ya asubuhi huanza karibu saa kumi na mbili na kuisha mnamo saa nane mchana. Kwa hiyo bado ana saa moja na nusu au mbili za mwanga. Wengi hukosea hapo: hupanda tramu moja kwa moja hadi kitandani, wakiamka ni giza. Ashuke vituo viwili kabla, atembee. Mwanga wa nje hata siku ya mawingu ni mkali mara nyingi kuliko wa taa za chumbani. Akiwa zamu ya mchana, atoke nje saa tatu asubuhi. Na zamu inayozidi saa sita ina mapumziko ya dakika 30 kisheria. Ayatumie nje, hata kama ni kusimama tu mlangoni na koti.

Taa ya tiba: iwe ya luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga), dakika 20 hadi 30, ndani ya saa moja baada ya kuamka, ikiwa mbele yake kidogo pembeni, macho wazi bila kuikodolea. Asome umbali ulioandikwa na mtengenezaji, maana hizo luksi 10,000 ni kwa umbali huo tu. Akiiweka mbali mara mbili, mwanga unaomfikia hushuka sana, na atasema taa haifanyi kazi. Asiitumie jioni, itamvuruga usingizi. Mwenye ugonjwa wa macho, au aliyewahi kuwa na vipindi vya msisimko uliopitiliza, aulize daktari kwanza.

Vitamini D: kwa mtu asiyepata jua la kutosha, Wajerumani wanapendekeza mikrogramu 20, yaani yuniti 800, kwa siku. Ni kwa ajili ya mifupa na misuli. Msitegemee kidonge hicho pekee kirudishe furaha.

Mwl_Kijerumani
Naongezea upande wa lugha, maana uchovu wake mwingi unatoka huko na watu hawauhesabu. Anasomea lugha sanifu, lakini wazee wodini wanaongea Kisaksoni. Kusikiliza kwa kukaza akili saa nane mfululizo kunamaliza nguvu kabisa, na jioni hata Kiswahili cha simu kinakuwa mzigo. Kutopokea simu si lazima awe amewachoka. Kila zamu aandike maneno matano tu aliyoyasikia, kesho yake amwulize mfanyakazi mmoja. Akijaribu kuandika yote, ataacha baada ya wiki.

La pili ni Jumapili. Maduka karibu yote hufungwa, mitaa hutulia, na watu hawatembeleani bila miadi. Kwa anayetoka Morogoro, siku hiyo ndiyo huuma kuliko zote. Ipangwe Jumamosi: chakula kimenunuliwa, na kuna sehemu moja ya kwenda yenye saa maalumu, iwe ibada, kwaya au bwawa la kuogelea. Urafiki kule hauanzii barazani, unaanzia kwenye Verein, yaani chama cha michezo, cha muziki au cha bustani, kinachokutana siku ileile kila wiki. Ahudhurie angalau mara nane kabla ya kusema hawamtaki. Mara tatu za mwanzo watamsalimia tu. Akitaka kumwalika mwenzake wa darasani, ataje siku na saa, wiki mbili mbele. "Karibu siku moja" kwao si mwaliko.

Unga mweupe wa ugali na kisamvu kilichogandishwa atafute maduka ya Kiafrika. Aanzie mtaa wa Eisenbahnstraße. Polenta ya supamaketi ina chenga na rangi ya njano, haikazi vile.

Na lijulikane hili: ukimya na maneno makavu ya Wajerumani ni desturi, lakini matusi kwa sababu ya rangi si desturi, na asiambiwe azoee. Aandike tarehe, saa, maneno yenyewe na nani alikuwepo, kisha amwone msimamizi wake wa mafunzo. Sheria ya usawa ya 2006, AGG, inataka madai ya fidia dhidi ya mwajiri yafikishwe kwa maandishi ndani ya miezi miwili.

Nesi_Sachsen
Kuhusu daktari: huzuni au kutopenda chochote, karibu kila siku kwa wiki mbili, inatosha kwenda. Wewe umeeleza zaidi ya hapo, kwa hiyo aende. Aanze na Hausarzt, daktari wake wa kawaida, aombe pia vipimo vya damu: wekundu wa damu, chuma na tezi ya shingo, kwani upungufu wake huleta uchovu uleule. Kwa mwanasaikolojia hahitaji barua ya rufaa kwa mazungumzo ya kwanza. Apige 116 117, namba ya kutafutiwa miadi, aombe Sprechstunde, yaani hayo mazungumzo ya kwanza. Atoke na fomu ya matokeo yake, iitwayo PTV 11, aitunze. Foleni ya tiba yenyewe huchukua miezi, ndiyo maana haifai kungoja mpaka azidiwe. Bima ya kawaida ya serikali inalipia.

Usiku akizidiwa na mawazo, TelefonSeelsorge, simu ya ushauri na faraja, 0800 111 0 111, ni bure, saa zote. Akitaja kutaka kufa, ni 112, namba ya dharura, saa hiyohiyo.

Baba_Mipango
Dada, nyie wa nyumbani. Kuna jambo halijatajwa: hela. Mkisikia mshahara wa mafunzo mnazidisha kwa shilingi, lakini karibu sehemu moja ya tano huenda bima za jamii na pensheni, halafu kuna kodi ya chumba, umeme, intaneti na tiketi ya tramu. Mtu anayeogopa kuombwa hapokei simu. Kubalianeni kiasi kimoja na tarehe moja kwa mwezi, hata kama ni kidogo, na mtu mmoja tu wa kupeleka maombi. Miezi hii ya baridi msimwombe kabisa.

Simu iwe siku mbili kwa wiki, saa iliyopangwa. Majira ya baridi sisi tuko mbele saa mbili, kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi ni saa moja. Meseji za sauti ni nzuri kuliko kupiga ghafla, anasikiliza akiwa na nafasi. Usimwulize "umezoea?" Mwulize leo amepika nini, ametoka nje saa ngapi.

Na msidhani mwaka mpya umemaliza kazi. Sverre Lysgaard, mwaka 1955, aliwachunguza Wanorwe waliokuwa wamesoma au kufanya kazi Marekani. Waliokaa miezi 6 hadi 18 walikuwa wamezoea kidogo kuliko wa muda mfupi zaidi na wa muda mrefu zaidi. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba si kila mtu hufuata mkondo huo, lakini jiandaeni.

DadaMkubwa_Moro
Asanteni sana, nimenakili yote. Swali la mwisho: mama nimwambie? Ana presha.

Baba_Mipango
Mwulize mdogo wako kwanza, ni habari zake. Akikubali, mwambie mama baada ya miadi ya daktari kupatikana, umtajie na tarehe yake.